Heri ya Jamhuri kwenu nyote, na kwa wenzetu wa 12 Desemba

Ndugu zangu wa Nakuru, Kericho, Kisumu, Kakamega na kokote mliko, hamjambo? Poleni na mihangaiko ya mwaka, na heri ya Sikukuu ya Jamhuri.

Hapa Nakuru msimu umeshaingia. Kwenye steji ya magari ya magharibi, makanga anataja nauli ya Busia kwa sauti ya chini, maana akiipaza abiria watamgeukia. Juu ya keria pamefungwa magodoro, sufuria mpya na sanduku la mwanafunzi. Huko Kitale na Moi's Bridge mahindi yameanikwa kwenye maturubai kando ya lami, na watoto waliofunga shule wanayageuza kwa miguu. Bei ya gunia sitaigusa leo, ni sikukuu.

Wengi tukisema Jamhuri akili hukimbilia uhuru wa 1963: usiku wa manane kule Nairobi, bendera ya Mwingereza ikishuka na yetu ikipanda, Mwanamfalme Philip akishuhudia, huku Kisoi Munyao akisimika nyingine kwenye kilele cha Lenana, Mlima Kenya. Siku nne baadaye tukaingia Umoja wa Mataifa, siku moja na Zanzibar. Lakini kwa mwaka mzima baada ya hapo, kisheria mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth, na mwakilishi wake hapa alikuwa Gavana Mkuu, Malcolm MacDonald. Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu tu. Jamhuri yenyewe ilizaliwa 12 Desemba 1964. Siku hiyo Kenyatta akawa Rais, na Jaramogi Oginga Odinga, mwana wa Bondo, akawa Makamu wa Rais wa kwanza.

Huo mwaka wa 1964 ndio hunifikirisha zaidi, hasa sisi wa Bonde la Ufa na magharibi. Katiba ya uhuru ilikuwa imeweka majimbo yenye mabunge yake. Chama cha KADU cha Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi kilikuwa kimeyapigania kufa na kupona. Novemba 1964 chama kikavunjwa, wabunge wake wakahamia KANU, chama cha Kenyatta, na Jamhuri ilipoingia majimbo yakanyang'anywa meno, mamlaka yakakusanywa Nairobi. Tukangoja mpaka 2013 ndipo serikali za kaunti zikaanza kazi, na mtu wa Bungoma akapata tena bunge analoweza kulifikia kwa bodaboda. Kwamba MCA wako, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge hilo la kaunti, hapokei simu ni habari nyingine. Kwa hiyo kama mzee wa kwenu huisherehekea siku hii kwa furaha iliyochanganyika na kinyongo kidogo, msimshangae. Mvutieni kiti mumsikilize.

Na tarehe hii si yetu peke yetu. Mnamo 12 Desemba 1901, mvumbuzi Guglielmo Marconi alikuwa juu ya kilima cha Signal Hill, Newfoundland, kifaa cha kusikilizia kikiwa sikioni, alipopata nukta tatu za herufi S kwa alama za Morse. Zilikuwa zimerushwa kutoka Poldhu, Cornwall, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, bila waya wowote. Desemba hiyohiyo reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Mimi huufurahia sana mwezi huo. Chuma kilikuwa kikimaliza safari yake huku, na kule sauti zikianza kusafiri bila chuma. Sasa mjukuu yuko Kondele, hapo Kisumu, anampigia nyanya yake simu ya video, na anachoomba ni nauli.

Huko Mexico ni sikukuu ya Mama Yetu wa Guadalupe, na Wakatoliki wenzangu mnaijua. Mwimbaji Frank Sinatra alizaliwa tarehe hii 1915, na mchoraji Edvard Munch 1863. Mwaka 2015 nchi za dunia zilipitisha Mkataba wa Paris kuhusu tabianchi, zikiahidi ongezeko la joto la dunia tangu kabla ya enzi ya viwanda libaki chini sana ya nyuzi 2, na kujitahidi liishie 1.5. Sisi tulioona Ziwa Nakuru likijaa mpaka likafukuza watu kwenye nyumba zao tungependa ahadi za aina hiyo zitimizwe upesi.

Nyinyi mliozaliwa siku hii, hongereni. Tunajua mmechoka kuambiwa nchi nzima inawafanyia pati.

Na mnaosafiri, dereva akianza kushindana na malori pale Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru inayojulikana kwa ajali, msimnyamazie eti mtaonekana washamba. Mwambieni apunguze mwendo. Wasalimieni wazazi, na mkirudi leteni omena na mahindi mabichi kama yamebaki shambani. Heri ya Jamhuri, na Krismasi njema mapema.