Shoga, huku jukwaa tupu lakini timu haifi

Mwana shoga yangu, asalaam aleykum.

Najua umeninunia. Voisi zako zote nimezisikiliza, hata ile ya dakika kumi na moja ya jirani yako na bodaboda, nimecheka peke yangu jikoni mpaka bosi kaja kuuliza kama niko sawa, sasa ukiona sijajibu usidhani nimekuwa Mzungu, ni kazi tu. Tangu mwezi wa tisa msimu wa futiboli umeanza huku na mwaka huu nimepewa kibanda.

Eeh, kibanda, umesikia sawa. Nimepanda ndege tatu kuja Ohio, huku Marekani, kuuza vitafunwa uwanjani, kile kile tulichokuwa tunafanya Mkwakwani na beseni kichwani, tofauti hapa navaa glavu na kofia ya wavu.

Sio mpira wetu lakini, ni ile futiboli yao ya Kimarekani, ya helmeti na mabega ya plastiki, mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai dogo na wanaushika kwa mikono halafu bado wanauita mpira wa miguu, mi nilishaacha kuuliza. Jumatatu mpaka Ijumaa nipo jikoni napikia wanafunzi, Jumamosi timu ya chuo ikicheza nyumbani ndo nashushwa uwanjani. Ni chuo kidogo, wanafunzi elfu moja na kitu, kuna watu wa hapa hapa Ohio hawajawahi kukisikia. Ila uwanja sasa! Nyasi bandia, mataa, skrini ya kuonyesha marudio, jukwaa la watu kama elfu tatu. Mechi ya kwanza nikajua leo ntakoma, nikataka kutoa soseji mia nne kwenye friza, bosi akaniangalia akasema toa mia mbili. Nikasema moyoni huyu mama hajui biashara. Shoga, zilibaki sitini na tano.

We unanijua jicho langu. Sisi tulikuwa tukisimama getini Mkwakwani nusu saa kabla ya mechi tunaangalia tu foleni tunajua leo karanga zinaisha kabla ya hafutaimu au leo tunarudi nazo nyumbani mama atukaripie. Akija Simba au Yanga hata barafu za ukwaju zilizoyeyuka tuliuza. Wakija wale wa huko mbali wasiojulikana, tunakula karanga zetu wenyewe. Kwaiyo mi kuhesabu watu sihitaji mashine, na hapa nimehesabu mechi nne sasa, jukwaa la elfu tatu wamekaa watu wa kujaza harusi moja ya mtaani, tena harusi ya watu wasio na ndugu wengi. Halafu spika inatangaza idadi, unasikia wanataja namba kubwa, mi natizama soseji zangu nasema hao wengine wamekaa wapi jamani.

Kuna mzee mmoja anakaa getini anakata tiketi, alisoma hapa hapa zamani, kila mechi anakuja na kimto chake cha kukalia na chupa ya kahawa, na akishamaliza kukata tiketi (dakika ishirini anakuwa amemaliza) anakuja kuegemea kibanda changu kupiga stori. Ndo aliyenifungua macho. Anasema enzi zake mji mzima unahamia uwanjani, maduka yanafungwa, bendi ya chuo inatembea barabarani inapiga mpaka getini. Saivi bendi yenyewe ni vijana kumi na wanne na ngoma mbili, niliwahesabu.

Nikamuuliza imekuwaje? Akasema televisheni. Akanipa historia ambayo sikutegemea. Kumbe tangu mwaka 1951 hawa wakubwa wa michezo ya vyuo, wanaitwa NCAA, waliweka sheria kwamba mechi za kuonyeshwa kwenye TV ziwe chache tu, wakihofia watu watabaki majumbani na viwanja vitakuwa vitupu. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilitaka kukaidi, kikabanwa mpaka kikanywea. Zaidi ya miaka thelathini sheria ikakaa hivo hivo. Mpaka vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani, mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hapana, hamuwezi kuwabana wenzenu namna hiyo, majaji saba dhidi ya wawili. Baada ya hapo basi, mlango umefunguka, Jumamosi ni mpira kwenye TV tangu mchana mpaka usiku wa manane. Mzee anasema wale wa 1951 walikuwa wachoyo lakini hawakuwa wajinga.

Na sasa fikiria chuo chetu kiko Ohio, jimbo la Ohio State, chuo kikubwa cha futiboli! Hao uwanja wao wa Columbus, ule wanaouita kiatu cha farasi, umefunguliwa 1922 na unachukua watu 102,780. Mkapa yetu pale Dar ni 60,000, ijaze halafu uongeze nyingine ya pili yenye watu elfu arobaini na ushee, ndo unapata uwanja wa chuo kimoja tu. Na wao wanaujaza. Sasa wao mara nyingi wanaanza saa sita mchana, sisi saa saba, we ungekuwa mtu wa hapa ungekwenda wapi? Watu wanavaa jezi nyekundu za Ohio State wamekaa sebuleni, chuo cha mtaani kwao kiko dakika tano kwa miguu na hawana habari. Ni yale yale ya Tanga, Coastal anacheza Mkwakwani na vijana wamebanana kibanda umiza wanaangalia Arsenal, wanapigana kwa ajili ya Arsenal, mtu hajawahi kuvuka hata Chalinze.

Ila ngoja nikupe hii, niliipenda. Kuna chuo kidogo kinaitwa Oberlin, nacho kipo hapa Ohio, maarufu zaidi kwa muziki. Mwaka 1921 waliwafunga Ohio State 7 kwa 6. Na tangu siku ile hakuna chuo kingine chochote cha Ohio kilichowafunga Ohio State, zaidi ya miaka mia! Mzee akilisema hilo anapiga meza yangu mpaka chupa za mastadi zinaruka, utadhani alicheza yeye.

Lakini TV peke yake haitoshi kueleza, hapo mi na mzee tunabishana. Mi nawaona hawa watoto, nawapikia. Vyuo hivi vidogo wanafunzi wengi kweli ni wanamichezo. Jumamosi ya futiboli huyu ana mechi ya soka, wale wa voliboli wamesafiri, huyu anakimbia mbio za nyika huko. Wanaobaki, wengine wana zamu dukani, wengine wamekwenda kwao, wengine wamelala. Sasa nani aje kushangilia wakati kila mtu ni mchezaji? Ni kama shughuli ambayo ukumbi mzima ni wapishi. Na wale wachache ambao wangeweza kuja wanasema mechi iko laivu kwenye simu, kweli ipo, na bure, mtoto yuko bwenini mita mia mbili kutoka uwanjani anaangalia kwenye simu amejifunika blanketi. Namlaumu? Mwezi wa kumi na moja huku baridi inakata masikio shoga, mimi mwenyewe nisingelipwa nisingekuja. Ila huyo huyo mtandao ndo bibi wa mchezaji yuko Florida anamuona mjukuu wake, mzee anakubali kwa shingo upande kwamba zamani yule bibi angesikia matokeo kwa barua.

Usidhani ni hivi vidogo tu. Kuna ligi ya vyuo vya kati inaitwa MAC, ina vyuo vya hapa hapa Ohio kama Akron na Kent State. Hao wamekubali kucheza Jumanne na Jumatano usiku mwezi wa kumi na moja ili TV iwaonyeshe, kwa sababu Jumamosi hawapati nafasi mbele ya wakubwa. Jumanne usiku, baridi, kesho watu wana kazi! Akron walijenga uwanja mpya wa watu 30,000 mwaka 2009. Kamera inawapenda, jukwaa unajua mwenyewe.

Mi nikajua jawabu ni kushinda. Timu ikishinda watu watakuja, si ndo Mkwakwani ilivokuwa? Mama bado anasimulia 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa nchi, anasema karanga zake ziliisha kila mechi mwaka ule. Mzee akacheka akaniambia kuhusu Mount Union, chuo kidogo kipo mji wa Alliance, mashariki ya Ohio. Hao wamechukua ubingwa wa Divisheni ya Tatu, daraja la vyuo vidogo kama chetu, mara 13. Kocha wao Larry Kehres kuanzia 1986 mpaka 2012 alishinda mechi 332, akafungwa 24 na sare 3. Shoga hiyo ni rekodi ya mtu au ya shetani? Nick Sirianni, kocha aliyewapa timu ya kulipwa ya Philadelphia Eagles ubingwa wa Super Bowl, ile fainali yao kubwa, mwezi wa pili 2025, alichezea hapo. Mzee akaniuliza, sasa wewe ukijua mpaka hafutaimu ni hamsini kwa sifuri, unakaa kwenye baridi unasubiri nini? Nikakosa jibu.

Asa ndo nikauliza swali lililokuwa linaniwasha siku zote, hii timu inaishije? Maana mi kwa akili zangu za Tanga, mapato ya mlangoni hayapo, ni timu gani hiyo isiyokufa. Na hii haifi, ndo kwanza mwaka huu wachezaji wako zaidi ya mia moja, mi nawapikia najua, wanakula kama wameachiwa. Timu ya watu mia na mashabiki mia tatu!

Jibu nililipata kwa bosi wangu jikoni, sio kwa mzee. Divisheni ya Tatu hakuna ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo hata senti, sheria yao hiyo. Kila kijana unayemuona na helmeti analipa ada. Na ada za vyuo binafsi vingi hapa kwenye karatasi zinapita dola 40,000 kwa mwaka, ingawa karibu kila mtu anapunguziwa. Kwaiyo kocha akizunguka huko Florida akaleta vijana thelathini wenye ndoto ya kuendelea kucheza, ameleta wateja thelathini. Watoto wanaozaliwa Marekani wanapungua tangu 2007, wanaomaliza sekondari nao sasa wanaanza kupungua, vyuo vidogo vinagombea kila kichwa, futiboli ndo chambo. Umeona? Anayelipa kiingilio ni mchezaji! Sisi wa jukwaani ni mapambo tu. Nilikaa juu ya ndoo ya mafuta nikarudia hesabu mara mbili.

Na chambo chenyewe wakati mwingine hakitoshi. Notre Dame College, kile cha karibu na Cleveland, usichanganye na Notre Dame wakubwa wa Indiana, kilikuwa na timu, Divisheni ya Pili hao, kikafunga milango 2024 kwa sababu ya madeni na wanafunzi kupungua. Timu ikaondoka na chuo. Chuo cha Urbana, hapa hapa Ohio, nacho hivo hivo 2020.

Nilivomwambia mzee hii hesabu ya wachezaji kulipa ada alinyamaza muda, nikadhani nimemuudhi. Akasema ndo maana siku hizi hawanitumii barua ya kuniomba nilete watu. Halafu akanunua hotdogi ya pili, na huwa hali ya pili, daktari kamkataza.

Mi sijui nisikitike au la. Kijana anacheza mpira anaoupenda, anasoma, bibi anamuona kwenye simu, mimi nalipwa kwa saa, soseji zinunuliwe zisinunuliwe. Lakini kuna kitu kinanikera, yule mtoto namba 44 (anapenda wali wangu wa nazi, nilipika siku moja ya vyakula vya dunia) juzi alidaka mpira pembeni kabisa, kadaka kwa mkono mmoja anaanguka, Mkwakwani watu wangevua mashati. Hapa nikasikia makofi kama mvua ya rasharasha kwenye bati, halafu kimya. Nikapiga vigelegele. Mwana wallahi nilipiga vile vya harusini, uwanja mzima ukageuka kuangalia kibanda.

Jumamosi hii ndo mechi ya mwisho nyumbani, wale wa mwaka wa nne wanaingia uwanjani wameshikana mikono na wazazi wao. Bosi kasema nipange soseji 120. Nitapanga 170, kwa sababu wageni wanatoka mwendo wa saa moja tu na nimeshagundua wazazi wa timu ngeni ndo wanaokuja wengi kuliko wa kwetu, wanakuja na mashangazi. Zikibaki ntakula mwenyewe wiki nzima, ni za ng'ombe tupu usiniulize. Ntumie ile namba ya mtu wa ubuyu, kuna binamu anakuja mwezi wa kumi na mbili.

Zuhura