Usinunue valvu kwanza

Idi ndugu yangu,

Salaam sana. Habari za nyumbani nitaziuliza mwishoni, maana ujumbe wako wote ulikuwa gari tupu.

Unasema mashine ya kupimia gari imetoa namba ya hitilafu P0401 na fundi anataka ulete valvu mpya ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini. Ngoja kwanza! Namba hiyo inasema tu kwamba moshi unaorudishwa kwenye injini ni kidogo kuliko kompyuta inavyotarajia. Valvu inaweza kuwa nzima kabisa, ila njia imezibwa na masizi. Ndiyo maana gari linagonga likipanda mlima: moshi ule haurudi kupunguza joto la silinda, petroli inalipuka kabla ya zamu yake.

Valvu yako ni ile ya kuvutwa na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), kwa hiyo kuipima si kazi. Injini ikishapata moto, iache sailensa (ingurume bila kukanyaga mafuta), chomoa mpira mwembamba ulio juu ya valvu, chomeka pampu ya mkono ya kuvuta hewa, uvute. Injini ikitetemeka au ikizimika, furahi: valvu inafunguka na njia ipo. Basi tafuta mpira uliopasuka, au ubovu wa solenoidi (kile kifaa cha umeme kinachoruhusu vakyumu ifike kwenye valvu) au wa sensa. Ikiendelea kunguruma vilevile, ama valvu imeganda ama njia imeziba. Na mshale wa pampu ukishuka wenyewe, diaframu (ule utando ulio ndani ya valvu) imetoboka, hapo nunua. (Kuna aina zinazongoja msukumo wa moshi wa ekzosi ndipo zishike vakyumu. Angalia kitabu cha gari usije ukaihukumu bure.)

Shabani najua atakuambia uizibe kwa kipande cha bati. Shabani na bati lake! Taa ya injini kwenye dashibodi itabaki inawaka na mgongo wa injini ndio utakaoumia.

Mafundi wakiifungua valvu, simama hapohapo. Wengi husafisha valvu ikang'aa, halafu ile njia ya moshi kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) hawaigusi, na taa inarudi. Dawa ya kusafishia isiingie kwenye diaframu, na gasketi iwe mpya. Ila valvu, nakuomba, bado usinunue.

Sasa niambie: likiwa sailensa linatulia au linatetemeka? Maana likitetemeka huenda valvu haifungi, na hiyo ni kesi nyingine. Taa ilizimwa ikarudi, au haijawahi kufutwa? Pampu unayo? Na lile jambo la Neema liliishia wapi, mbona umenyamaza?

Wako,
Juma