Paka mwenye sukari anatunzika nyumbani, ila mwenye paka afundishwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na madaktari wa mifugo na wenye maduka ya dawa hapa Mwanza. Paka akikutwa na sukari, msimkabidhi mwenye paka chupa ya insulini, yaani dawa ya kushusha sukari ya damu, na bomba la sindano, mkamwambia "mchome asubuhi na jioni" yakaishia hapo. Mfundisheni. Achome mbele ya macho yenu, mumrekebishe mkono, ndipo mumruhusu aende zake.

Mimi nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na nyumbani kwangu ni Mabatini. Anayeweka magunia ya dagaa anajua panya ni adui wa mtaji. Chui, paka wangu dume mwenye mistari, amenilindia magunia hayo tangu hajafikisha hata mwaka, na sasa ni mzee. Nilimhasi mapema ili asizurure, akanenepa, na kila mteja aliyeingia alimsifia kwa unene. Kumbe dume mnene, aliyehasiwa, mwenye umri mkubwa, ndiye sukari humwandama kuliko paka wengine. Na si hivyo tu. Ngozi ilikuwa ikimwasha, akawa anachomwa sindano za kutuliza mwasho mara kwa mara. Sindano za mwasho mara nyingi huwa na dawa za jamii ya steroidi, nazo zinaweza kumletea paka sukari, hasa zikirudiwarudiwa. Waliomchoma hawakuwahi kunitajia jambo hilo, nami nasema lilikuwa haki yangu kulijua.

Ugonjwa ulijitangaza kwa maji. Paka kwa kawaida hanywi sana, lakini Chui alimaliza bakuli lake akahamia kwenye ndoo ya kuoshea vyombo. Mchanga wake wa kujisaidia ulilowa madonge makubwa kila nilipouchota. Alikula kuliko zamani na bado mifupa ya mgongo ikawa inahesabika kwa vidole. Mwisho ikawa miguu ya nyuma: paka hutembea kwa vidole, ila Chui alilaza visigino chini kabisa, akawa anajikokota nusu amekaa, na kuruka juu ya magunia kukamshinda. Baba watoto akasema ni uzee. Jirani akasema ni minyoo. Ilikuwa sukari imeshaanza kuumiza neva za miguu. Mwenye paka yeyote anayesoma barua hii, akiona maji mengi, mkojo mwingi na mwili unaokwisha huku mnyama anakula, asingoje miguu ifike huko.

Mahali pa kwanza nilipompeleka walimtoboa mara moja, wakasoma mashine, wakaniandikia uniti (kipimo cha insulini) kwenye kipande cha boksi, basi. Sitapataja, maana sina ugomvi nao. Lakini paka aliyefungiwa kwenye tenga akapakiwa bodaboda, akashushwa kwenye chumba chenye mbwa wanaobweka, sukari yake inaweza kupanda kwa hofu peke yake. Daktari wa pili ndiye aliyenieleza hayo. Huyo alimwacha Chui atulie, akapima mkojo, akarudia damu, akaniuliza habari za maji na chakula kwa kirefu. Ndipo akasema, "Mama, hii ni sukari kweli, na utaitibu wewe, siyo mimi. Mimi nitakufundisha tu."

Somo lake la kwanza halikuwa sindano, lilikuwa mistari kwenye bomba. Hapa nawaomba wenye famasi wanisikilize vizuri. Insulini ya binadamu kwa kawaida ina uniti 100 kwenye kila mililita moja. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama zenye uniti 40 kwa mililita. Kila moja ina bomba lake, na mistari ya bomba moja haisomi dawa ya nyingine. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 mpaka mstari wa uniti 1, utakuwa umempa paka uniti 2.5. Paka wengi huanzishiwa dozi ya takriban uniti 1 kila baada ya saa 12, kwa hiyo kosa hilo linatosha kumwangusha. Ukifanya kinyume, dawa ya 40 kwa bomba la 100, anapata chini ya nusu ya dozi, na wewe unashangaa mbona hapati nafuu. Nilipofika duka la dawa kununua mabomba, kijana akaniwekea mezani pakiti ya aina nyingine. Nikamwonyesha namba. "Mama, mabomba yote ni sawa tu, tofauti ni kampuni." Kwa kuwa nilikuwa nimeshafundishwa, sikununua. Je, yule ambaye hajafundishwa? Na tusisahau kwamba kaunta hiyohiyo ndiyo inayowahudumia wazee wetu wenye sukari.

Sindano yenyewe haitishi kama watu wanavyodhani. Daktari alinipa chungwa na bomba lenye maji ya chumvi, nikachoma mpaka vidole vikaacha kutetemeka. Kisha Chui mwenyewe. Anawekewa chakula, akiinamia sahani, unabana ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili na kuinyanyua mpaka ikae mfano wa kihema, unaingiza sindano chini ya kihema hicho, unasukuma, unatoa. Sindano ni nyembamba mno, na mara nyingi haachi hata kutafuna. Ukimaliza unapapasa manyoya: yakiwa yamelowa na yananuka dawa, ujue imemwagikia nje. Hapo ndipo wengi huteleza. Usirudie. Hata kama hujui imeingia nusu au haikuingia kabisa, usiongeze tone. Subiri dozi inayofuata. Kukosa dozi moja si jambo kubwa, kumzidishia ndiko kunakoua. Na asipokula, au akitapika, mpigie daktari kwanza kabla hujashika bomba.

Saa zetu ni saa moja asubuhi na saa moja jioni. Jioni ni wakati ambao malori yanapakia mzigo Mwaloni, kwa hiyo nilimfundisha kijana wangu kama nilivyofundishwa mimi, kwa chungwa lilelile la mafunzo. Ni vizuri kila nyumba iwe na mikono miwili inayojua. Tumebandika karatasi kwenye mlango wa friji, anayechoma anaweka alama hapohapo, ili mwingine asije akarudia kwa kudhani hajachomwa.

Kupima damu nyumbani kunawezekana, na paka huwa mtulivu kuliko kwa daktari. Unapasha sikio joto kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, unatoboa pembezoni kabisa mwa sikio, tone dogo linatokeza, unaligusisha kwenye stripu. Tunatumia mashine ya baba watoto, ambaye naye ana sukari, kila mmoja na sindano zake za kutobolea. Mashine za binadamu mara nyingi husoma damu ya paka chini kidogo kuliko ilivyo, hivyo daktari lazima ajue unatumia mashine ipi, nawe usibadilishebadilishe. Namba hizo ni za kumpelekea yeye. Siyo za kukufanya ujipangie dozi jikoni.

Sukari ikishuka kupita kiasi utaona: paka anayumba, macho hayakuelewi, analegea, anaweza hata kudondoka na kukakamaa. Mpake asali kwenye fizi, kidogo kidogo, usimmiminie kooni akapaliwa. Akizinduka mpe chakula, halafu mwone daktari siku hiyohiyo hata kama ameamka na kutembea. Mimi nina kichupa cha asali ya Tabora juu ya friji na hakuna ruhusa ya mtu kukigusa kwa chai.

Chakula nacho kilibadilika. Chui alilelewa kwa ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa, na wali wa jana. Paka ni mla nyama, wanga hauna kazi kubwa mwilini mwake, na kwa mwenye sukari ndio unaoipandisha. Sasa anakula kuku wa kuchemsha, firigisi na mioyo, na sato aliyeiva aliyetolewa miba, na hela ikipatikana namnunulia chakula cha kopo kisicho na nafaka. Daktari alikataa samaki mtupu kila siku, hasa mbichi, kwa sababu samaki wengine wabichi huharibu vitamini B1 mwilini. Akanionya pia kwamba ukiondoa wanga ghafla huku dozi ya insulini iko palepale, sukari inaweza kuporomoka. Kwa hiyo hata chakula kinabadilishwa kwa kumshirikisha daktari. Vidonge vya baba watoto hapana, na mlonge wa jirani hapana.

Umeme ukikatika, chupa inabaki ndani ya friji na mlango haufunguliwi ovyo. Joto kali huiharibu insulini, na kuganda pia huiharibu, kwa hiyo isikae karibu na barafu. Sindano zilizotumika zinaingia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, nami nazipeleka zahanati baada ya kuwaomba wakakubali. Wanaoishi Mabatini wanajua mvua ikinyesha taka zote za mlimani zinateremka na mawe mpaka Mto Mirongo, na kutoka hapo ziwani. Watoto wetu wanacheza miguu mitupu kwenye njia hiyo ya maji. Daktari anayetoa sindano bila kusema zitupwe wapi amefanya nusu ya kazi.

Najua kuna watakaosoma na kuguna kwamba binadamu wanakosa insulini, na huyu mama anachoma paka. Nimeambiwa hivyo usoni, na mtu ninayemheshimu. Nyumbani kwangu kuna mgonjwa wa sukari, kwa hiyo sifundishwi uchungu huo na mtu. Dawa ya Chui nainunua kwa jasho langu la dagaa, sijamnyang'anya mtu foleni. Na mnyama niliyemhasi mimi, nikamlisha ugali mimi, nikampeleka akachomwa sindano za mwasho mimi, siwezi kumfunga kwenye kiroba nikamtupe ng'ambo kwa sababu sasa ananihitaji. Wapo waliofanya hivyo, wakijua paka huyo atakufa kwa kiu na udhaifu. Wengi wao, naamini, hawakuwa na roho mbaya. Hawakuelezwa kwamba kuna njia nyingine.

Na njia hiyo ina matumaini kuliko nilivyodhani. Paka, hasa akitibiwa mapema na chakula kikabadilishwa, anaweza kufika mahali kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, likaamka tena, insulini ikasimamishwa kwa idhini ya daktari na akaishi bila sindano, kwa miezi au hata zaidi. Chui hajafika huko. Lakini visigino vimenyanyuka, anapanda magunia, na bakuli la maji linashinda nusu. Hii ndiyo sababu nyingine ya kumfundisha mwenye paka kupima: paka anayeanza kupona akiendelea kuchomwa dozi ya zamani, dawa ileile iliyomwokoa itamwangusha.

Ombi langu kwa idara za mifugo za Nyamagana na Ilemela ni hili. Kila mnapotangaza chanjo ya kichaa cha mbwa, tunakuja na mbwa na paka wetu na kupanga foleni. Foleni hiyo ni darasa ambalo halijatumika. Mtu mmoja asimame, atuulize nani paka wake anakunywa maji kupita kawaida, na atuonyeshe mabomba mawili yenye mistari tofauti. Wenye famasi wabandike ukutani namba hizo mbili, 40 na 100, pale muuzaji anapoziona kabla ya kufungua droo.

Kama kuna msomaji wa Mwanza ambaye paka wake amekutwa na sukari juzi na anaogopa sindano, Mhariri, naomba umpe njia ya kunifikia. Aje na chungwa, bomba lake na maji ya chumvi. Nitamwonyesha namna ya kubana ngozi, halafu aende kwa daktari wake akachome mbele yake.

Mama wa dagaa,
Mabatini, Mwanza.