Dawa ya usonji kwenye chupa ya maji

Ndugu mhariri, naomba kanafasi niongee maana hili jambo linaniuma sana. Mwanangu ana miaka 7, ana usonji, yaani ubongo wake unakua tofauti na wa wenzake, haongei ila anapanga vizibo vya soda mstari mmoja toka mlangoni mpaka jikoni, ukigusa kimoja tu analia mpaka jioni. Mwezi uliopita wifi yangu akaniletea dawa ya mizizi kanunua huko sokoni, iko kwenye chupa ya maji ya nusu lita haina hata lebo, eti akinywa wiki mbili ataongea. Kanywa siku tatu, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani.

Sikatai mimea jamani, hata wenzetu wanaichunguza. Mwaka 2014 Marekani walitoa matokeo ya salforafeni, inatoka kwenye machipukizi ya brokoli, walijaribu kwa vijana wa kiume 44 wenye usonji kwa wiki 18, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa ili walinganishe, na wengi waliopewa yenyewe wakapata nafuu ya tabia ila walipoacha hali ikaanza kurudi. Baadaye wakajaribu kwa watoto wadogo, nafuu haikuonekana wazi. Sasa kama wao na vipimo vyote hawajasema inaponya, huyu wa chupa kajuaje?

Watu wa afya wa mkoa pitieni masokoni. Na wazazi wenzangu, kama mtoto anatumia dawa za kifafa msimchanganyie na mizizi kabla hamjaongea na daktari, zinaweza kugongana.

Mama Mzazi, Uyole, Mbeya