Shukrani kwa uliyetukosolea Kilimanjaro ya vitambaa

Ndugu uliyeikagua picha yetu ya kwanza iliyoshonwa kwa vipande vya vitambaa, Kilimanjaro ukionekana kutoka Amboseli, asante sana. Ulisema rangi tulizochagua zinafanya mlima uonekane uko mbele ya migunga, na ni kweli: cha mbali hupauka na kuelekea buluu, cha karibu hukolea. Kipimo ulichotupa hakina mfano: piga picha kwa simu, iondoe rangi, na kitambaa kilichokosa mahali pake kitajitokeza chenyewe. Tena kitenge kilichochapwa upande mmoja, ukikigeuza, mgongo wake unatosha kabisa kuwa ukungu wa mbali. Hilo limetuokolea pesa!

Ulituonyesha pia kwamba kitambaa cha anga kimebinuka, na sababu yake tumeielewa. Mishono iliyobanana kwenye nyasi huvuta kitambaa, na anga isiyoshonwa hufura. Kwa hiyo tunapitisha mistari ya mishono angani kila sentimita 2 au 3, tukianzia katikati kwenda pembeni, na kuacha sentimita 5 za ziada kila upande. Kingo zinakatwa mwisho, kwa sababu kazi ikishonwa hupungua. Kanga nyekundu sasa hufuliwa kwanza, isije ikachujia kitambaa cheupe cha theluji.

Mungu akubariki.