Tusikaribishe wawekezaji magerezani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja niliyoisikia mara mbili mwezi huu, mara ya mwisho kwa kinyozi: kwamba dawa ya msongamano magerezani ni kuwapa wawekezaji wayajenge na kuyaendesha.

Sisi wa Arusha tungepaswa kuwa wa kwanza kushtuka. Aprili 2023 Thabo Bester, mfungwa wa Afrika Kusini, alikamatwa hapa hapa kwetu, ilhali Mei 2022 ilitangazwa Afrika Kusini kuwa amekufa kwa moto chumbani mwake gerezani. Maiti iliyokutwa mle ilikuwa ya mtu mwingine. Gereza hilo, Mangaung la Bloemfontein, lilikuwa likiendeshwa na kampuni ya G4S kwa mkataba na serikali, na baadhi ya waliokuwa watumishi wake walifikishwa mahakamani. Huku mtaani tulimjadili sana daktari aliyekamatwa naye. Mkataba hatukuugusa.

Nakubali, hata magereza ya serikali watu hutoroka. Kinachonitisha zaidi ni hesabu ya malipo. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani, Corrections Corporation of America, ambayo leo inaitwa CoreCivic, iliyaandikia majimbo 48 ikitaka kuyanunua magereza yao. Masharti yake yalikuwa mkataba wa miaka 20 na jimbo kuhakikisha wafungwa hawapungui asilimia 90 ya nafasi za gereza. Yaani uhalifu ukipungua, mwenye biashara amepata hasara, na serikali imejifunga kumtafutia watu wa kulala mle.

Jimbo la Pennsylvania, huko huko Marekani, walikwenda mbali zaidi. Majaji wawili wa kaunti ya Luzerne, Mark Ciavarella na Michael Conahan, walipokea mamilioni ya dola kutoka kwa mjenzi na mmoja wa wamiliki wa vituo binafsi vya kuwafungia watoto. Binti wa miaka 15 aliyemfanyia mzaha makamu wa mkuu wa shule yake mtandaoni alihukumiwa na Ciavarella kifungo cha miezi mitatu. Kesi haikufika hata dakika mbili, na mama yake alikuwa ameshatiwa kalamu mkononi asaini kwamba mwanawe hahitaji wakili. Mwaka 2011 Ciavarella naye alifungwa, miaka 28. Miezi ya wale watoto nani atairudisha?

Hapa nchini tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii tangu mwaka 2002, na kifungo cha nje kipo. Hakimu akimwamuru mwizi wa kuku akafagie zahanati ya kata, nafasi imepatikana gerezani bila tofali hata moja. Mwekezaji anayelipwa kwa kichwa ataipenda vipi sheria hiyo?

Nimewahi kukaa kwenye benchi la mahakama nikisubiri kesi ya binamu yangu. Alipandishwa kizimbani, mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika, kesi ikaahirishwa siku 14, akarudishwa mahabusu. Shangazi alikuwa amemletea ndizi na maziwa kwenye kikapu, akarudi navyo nyumbani. Hivyo hivyo mara sita. Wanaotaka wawekezaji wanijibu: kwenye mkataba wao, siku 14 kama zile zingemlipa nani?

Msomaji wako,
Sakina, Arusha