Mwambieni mjamzito kwamba choo kitakuwa cheusi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wahudumu wenzangu wa kliniki za wajawazito, pamoja na waganga wafawidhi wanaowasimamia. Nilikuwa mkunga huku Muheza hadi nilipostaafu, na mpaka leo kinamama wa mtaani wananijia na maswali ambayo yalipaswa kujibiwa siku ileile walipopewa dawa. Linaloongoza ni la vidonge vya kuongeza damu.

Anakuja dada mwenye mimba ya miezi mitano, mkononi ana kimfuko cha nailoni kilichoandikwa kwa kalamu "1x1". Ndani vidonge vyekundu vimejaa, kwa sababu alimeza vitatu vinne akaacha. Nikimuuliza, ananiambia alikwenda chooni akaona choo cheusi tii, akajua kuna kitu kimeharibika tumboni. Mwenzake kaacha kwa kichefuchefu. Mwingine amefunga choo. Mwingine jirani kamtisha kwamba mtoto atanenepa mno na yeye atapasuliwa. Hawa si wakaidi, jamani. Wanaogopa, na hakuna aliyewaandaa.

Choo kinakuwa cheusi kwa sababu mwili hauchukui madini yote ya chuma yaliyomo kwenye kidonge, na yanayobaki hutoka. Basi. Kama choo kinanata kama lami na mama anasikia kizunguzungu au maumivu makali ya tumbo, hapo aje kituoni haraka. Maneno haya hayachukui hata dakika moja. Kichefuchefu nacho kina njia: ameze usiku baada ya kula, wakati wa kulala. Kwa kufunga choo, maji mengi, matunda na mboga za majani. Akijua mapema, mambo hayo hayamshtui.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za chuma na miligramu 0.4 za foliki asidi (aina ya vitamini B) kila siku, na pale ambapo upungufu wa damu umeenea sana, hiyo 60 ndiyo inayopendekezwa. Sisi tuko huko. Utafiti wa afya ya uzazi uliofanyika nchini mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa walikuwa na upungufu wa damu, na kati ya kinamama waliokwisha kujifungua, waliotumia vidonge kwa siku 90 au zaidi walipokuwa wajawazito walikuwa kama mmoja tu kati ya watano. Mimba inaongeza damu ya mama kwa karibu nusu, na mtoto naye anachota akiba yake, hasa miezi mitatu ya mwisho. Chakula chetu cha ugali, mchicha na dagaa, hata kikiwa kizuri, mara nyingi hakitoshi kwa mahitaji hayo. Bitiruti na rozela hazishiki nafasi ya kidonge, japo kila mtaa una mtu anayeapa kwazo. Mama mwenye damu 12 (gramu za himoglobini kwa desilita, kile kipimo cha wingi wa damu) akipoteza nusu lita wakati wa kujifungua, mara nyingi anahimili. Mwenye damu 6 anaweza kutufia mikononi kwa kiasi hichohicho, na aliyewahi kushika mkono wa mama wa namna hiyo hasahau.

Kuna jambo la chai. Wengi wanameza kidonge asubuhi pamoja na chai na chapati, wakidhani wamefanya vema. Majani ya chai yanazuia chuma kuingia mwilini, na maziwa nayo yanapunguza. Kidonge kinywewe kwa maji, mbali na chai kwa saa moja au mbili, na kama kuna chungwa ni bora zaidi, maana vitamini C inasaidia chuma kufyonzwa. Naandika kutoka Muheza, ambako msimu ukifika machungwa yanaozea chini ya miti, halafu mjamzito anasukuma kidonge kwa chai ya rangi! Inaniuma.

Wanaokula udongo nao waulizwe bila kukemewa, kwani ukimkemea hatakwambia tena. Na wauzaji wa maduka ya dawa wajue kwamba foliki asidi ya miligramu 5 inapunguza nguvu ya SP, vidonge tunavyowapa wajawazito kukinga malaria.

La mwisho linanitia hofu kuliko yote. Kidonge hiki ni chekundu na kina utamu kwa juu. Kwa mtoto wa miaka miwili ni pipi. Vichache tu vinaweza kumuua. Mfuko ule wa nailoni hauwezi kukaa mezani wala chini ya mto. Ufungwe na kuwekwa juu asikofika, na mama aambiwe sababu.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Elimu ya asubuhi pale kwenye benchi iwe na dakika tano za kidonge hiki, na baba anapokuja hudhurio la kwanza asikie pia, maana mara nyingi ndiye anayesema "acha hizo dawa". Dawa zikiisha kituoni, mama aandikiwe jina la dawa vizuri akanunue. Na akirudi, kabla hamjampa mfuko mwingine, muulizeni amebakiza vingapi. Akisema vingi, msimgombeze, muulizeni alichoogopa.

Mkunga mstaafu,
Muheza, Tanga